Historia ya Buha Isimuliwe na Wenyewe

Anayeuliza makumbusho mkoani Kigoma huelekezwa Ujiji, mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Huko atakuta sanamu za wageni hao wawili. Lakini Buha ya milimani, nchi ya Waha, kutoka Kitahana wilayani Kibondo hadi Heru wilayani Kasulu, ina mengi ya kusimulia kabla na baada ya safari zao. Ina Bami, yaani watawala wake, na ngoma zao. Ina Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika utawala wa Heru mwaka 1946. Ina vijana wengi walioandikishwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaenda kukata mkonge Tanga, wengine wasirudi.

Nani aikusanye historia hiyo? Tanzania imewahi kuwatuma wanafunzi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda katika maeneo ya Vita vya Maji Maji kuwahoji wazee. Walipata bahati ambayo kizazi cha leo hakina: baadhi ya walioviona vita hivyo kwa macho yao walikuwa bado hai. Bila daftari za vijana wale, sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Maji Maji ingekuwa sauti ya maofisa wa Kijerumani peke yake.

Kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, kuonyesha, ilifanywa vizuri Bujora karibu na Mwanza. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, aliketi na Wasukuma wenyewe, na kamati ya utafiti ikakusanya mila, nyimbo na masimulizi. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Jengo la vifaa vya watemi lina umbo la kiti cha enzi, na katika sikukuu ya Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Watu huja kucheza, si kutazama tu. Hapo ndipo Bujora inapozishinda taasisi nyingi zenye fedha zaidi.

Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, nacho kimezialika jamii kuonyesha utamaduni wao.

Buha ina ugumu wake, na haufai kufichwa. Simulizi la ng'ombe ambao watawala waliwapa wakulima kwa masharti ya utumishi halifanani katika ukoo wa watawala na katika ukoo wa wakulima. Mwanafunzi asichague mshindi. Aandike yote mawili, kisha maelezo ya ukutani yasomwe mbele ya wazee wa pande zote kabla ya kubandikwa. Kifaa kibaki mali ya familia iliyokitoa, na nakala ya kila sauti iliyorekodiwa irudi kwa mwenyewe.

Chuo cha Ualimu kipo Kasulu. Wanachuo wanaojua Kiha wanaweza kuanza wakati wa likizo, nyumbani kwao, kwa kuwauliza mabibi na mababu. Halmashauri za Kasulu na Kibondo ziwape chumba kimoja na kinasa sauti, na waanze na manamba: aliyekwenda Tanga akiwa na miaka 20 mwaka 1955 alizaliwa mwaka 1935. Wazee hao hawatasubiri bajeti ya mwaka kesho.