Sauti Zilizohifadhiwa Kinandani

Mpiga kinanda wa kwaya huku Nachingwea na Ruangwa hurithi vitu viwili: kinanda chenyewe, na sauti alizoziseti aliyemtangulia. Kinanda kimo kwenye orodha ya mali za kanisa. Sauti hazimo popote, nami nazihesabu kuwa sehemu ya historia yetu.

Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, na baada ya Majimaji kuanza na kuteketeza misheni zao, wakaanzisha Ndanda mwaka 1906. Kinanda cha zama zile kilikuwa cha kukanyaga. Miguu inasukuma upepo, na juu ya vibonye kuna vishikio vya kuvuta, kila kimoja na sauti yake. Hakikukumbuka chochote; mkono wa mpigaji ndio uliojua kwamba kwenye Matoleo avute viwili, kwenye Komunio arudishe kimoja.

Mwaka 1963 Nachingwea ikawa jimbo, lile ambalo tangu 1986 linaitwa Lindi. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia, na njia ikafunguka kwa lugha zetu na ngoma zetu kuingia katika Misa. Kuanzia hapo sauti moja ya ogani haikutosha. Wimbo wa shukrani wenye ngoma na kayamba unadai kinanda kingine kabisa.

Jibu lilitoka mbali. Waliokuwa na Minimoog, kinanda cha umeme cha mwaka 1970 kisichohifadhi sauti, walichora kwenye karatasi kila kitufe kilivyoelekezwa ili kesho wairudie sauti ileile. Mwaka 1978 Mmarekani Dave Smith akatoa Prophet-5, iliyoweza kuhifadhi sauti 40 na kuziita kwa kubonyeza tu. Yamaha DX7 ya 1983 ilibeba 32. Ufundi huo ukashuka bei hadi ukaingia kwenye PSR za kawaida za Yamaha, hizi ambazo kwaya zetu huzichangia korosho na ufuta vikishauzwa.

Chukua PSR-E433. Ina namba nne za kumbukumbu katika kila moja ya benki zake nane, jumla nafasi 32. Namba moja hubeba sauti, biti, mwendo, hata ufunguo uliopandishwa au kushushwa. Nne hizo zinaikaa Misa vizuri mno: Mwanzo, Matoleo, Komunio, Shukrani. Mwalimu wa kwaya anainua mkono, kidole changu kinagusa namba, na waimbaji hawasubiri. Benki ya Kwaresima haina biti, kwa kuwa siku hizo vyombo husindikiza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Benki ya Pasaka nimeijaza tarumbeta.

Nikienda kusaidia Ruangwa huwa naanza kwa kuzisikiliza namba zao kabla sijagusa kitu. Ukikuta Komunio imeshushwa ufunguo, umejua soprano zao zinaishia wapi. Ukikuta biti imepunguzwa mwendo, aliyeiseti aliwafikiria wapiga ngoma wake, maana biti ya kiwandani huwakimbiza. Mtu huyo huenda amehamia Dar es Salaam zamani, lakini uamuzi wake bado unaongoza Misa.

Na uamuzi huo hufutika upesi. Mgeni anaseti sauti zake juu ya zilizokuwepo, au fundi anakirejesha kinanda kilivyotoka kiwandani ili kuondoa hitilafu, na kazi ya miaka imekwisha. Flashi husaidia, ila faili la kinanda hiki mara nyingi halifunguki kwenye cha aina nyingine, na kwaya hubadilisha vinanda.

Kwa hiyo naandika. Daftari langu lina ukurasa kwa kila benki: jina la wimbo, namba na jina la sauti, biti, mwendo, ufunguo, na aliyeiseti kama anajulikana. Nakala moja nimempa katibu wa kwaya ailaze pamoja na nota, na wenzangu wa Ruangwa nimewaomba waanze na zile nne za Jumapili, kabla hawajanunua kinanda kipya.