Elimu Iliyohifadhiwa Vifuani: Mabaharia wa Polinesia



Sifa zote njema anastahiki Allah Subhaanahu wa Ta'ala, ambaye katika Suratul An'aam, aya ya 97, ametukumbusha kuwa nyota ni uongozi kwa wasafiri gizani, barani na baharini. Leo tuwaangalie watu ambao maisha yao yote yalitegemea neema hiyo.

Mababu wa Wapolinesia walifika visiwa vya Tonga na Samoa katika Bahari ya Pasifiki miaka ipatayo 2,800 iliyopita. Baada ya karne nyingi wakaendelea mashariki, na kufikia karne ya 13 walikuwa wameshakaa Hawaii, Rapa Nui na New Zealand. Rapa Nui iko karibu kilomita 2,000 kutoka kisiwa cha jirani chenye watu! Walisafiri kwa vyombo viwili vilivyounganishwa pamoja, vilivyofungwa kwa kamba za makumbi, wakiwa na matanga ya majani ya mkadi. Walichukua magimbi, ndizi, shelisheli na kuku, kwani walikwenda kuhamia.

Hawakuwa na dira wala ramani. Nahodha alijua kila nyota inachomoza wapi na kuzama wapi. Alisoma mawimbi, mawingu, na ndege wanaorudi nchi kavu jioni. Elimu yote hii ilikuwa kifuani.

Wageni wengi hawakuamini. Mwaka 1956 mwandishi Andrew Sharp alidai kuwa visiwa vya mbali vilipatikana kwa bahati tu, watu wakipotea njia. Wahawaii wangemjibu vipi, nao elimu ya mababu zao ilikuwa imeshapotea?

Hapo ndipo tunapomkuta Mau Piailug, aliyezaliwa mwaka 1932 katika kisiwa kidogo cha Satawal, Mikronesia. Babu yake alianza kumfundisha tangu utotoni. Huko mafunzo ya nyota hutolewa kwa mawe yaliyopangwa duara juu ya jamvi. Mau aliona vijana wa kwao hawaitaki tena elimu hii, akakubali kuwafundisha wageni, ingawa baadhi ya watu wake walimlaumu. Mwaka 1976 aliongoza chombo Hōkūle'a kutoka Hawaii hadi Tahiti, safari ya takriban mwezi mmoja, bila ala yoyote. Mwaka 1980 mwanafunzi wake, Nainoa Thompson, aliongoza safari hiyo mwenyewe. Mau alifariki mwaka 2010, lakini elimu haikuzikwa naye.

Ndugu wazazi, sisi tunaofundisha juu ya jamvi tunalijua jambo hili vizuri. Elimu ya kifuani huondoka na mwenyewe asipopatikana wa kuipokea. Karne nyingi za kuhifadhi zinaweza kukatika kwa kizazi kimoja tu kilichosema "tutasoma kesho". Basi tuwapeleke watoto wetu kwa masheikh wakiwa bado hai, na sisi wenye elimu tusiifiche.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaopokea na kufikisha. Aamin.

Wabillahi tawfiq.