Mlembe na Warina Asali

Katika karne ya 16, mmisionari Mreno João dos Santos aliona ndege wadogo wakiingia kanisani mwake Sofala, Msumbiji, kudonoa nta ya mishumaa. Katika kitabu chake kilichochapwa 1609, alieleza pia kwamba ndege hao huwaongoza watu hadi kwenye asali porini.

Kwa warina asali hilo halikuwa jipya. Ndege huyo, mlembe, hupenda nta na majana ya nyuki, lakini hawezi kupasua gogo. Binadamu ana shoka na moto, ila hajui nyuki walipo. Hata hivyo, karne nyingi zilipita bila mtu kuupima ushirika huo.

Aliyeupima ni Mkenya, Hussein Isack, akiwa na mtafiti mwenzake Heinz-Ulrich Reyer. Kwa miaka 3 walifuatilia kazi ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 jarida la Science likachapisha matokeo. Mborana humwita ndege kwa mluzi mkali: hupuliza ndani ya viganja alivyovifumbata, gamba la konokono au kokwa la mkoma lililochokolewa ndani. Bila mlembe, kupata nyuki kulichukua wastani wa saa 8.9; mlembe akiongoza, saa 3.2. Waborana walidai kwamba ndege huyo huwajulisha mwelekeo, umbali, na kwamba sasa wamefika. Vipimo vikawapa haki. Kati ya tafiti zote za mlembe, huu ndio ninaouenzi zaidi, kwa kuwa uliyachukua maneno ya warina asali kama elimu.

Mwaka 2016, mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba huko Niassa, Msumbiji, mwito wa Wayao huongeza uwezekano wa kupata nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023, yeye na Brian Wood wakagundua kwamba mlembe wa Niassa huitikia zaidi mwito wa Wayao, na wa Tanzania huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe. Na huyu ni ndege anayelelewa katika viota vya ndege wa aina nyingine, hana mzazi wa kumfundisha!

Malipo nayo hutofautiana. Wayao humwekea nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuificha, ili abaki na njaa na kuwaongoza tena. Lakini kuna sehemu za Afrika ambako watu wameacha kurina asali ya porini, na huko mlembe ameanza kuacha kuita.