Nguzo ya Taa na Watumishi Wake

Wanaoandika historia ya taa za barabarani hupenda kutaja siku taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza: mji huu mwaka huu, na mji ule ukaufuata. Tarehe hizo zina manufaa yake, lakini zaficha jambo kubwa. Taa iliyo juu ya nguzo si tukio la siku moja, bali ni utumishi wa kila usiku. Sharti mtu apande, asafishe kioo, abadilishe kilichoungua, kisha ashuke salama. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba historia ya nguzo ya taa haifahamiki vema ila kwa kumtazama mtu huyo, na kwamba kwa njia hiyo twaweza kupima hata madai mashuhuri yanayohusu pwani yetu.

Yafaa tuanze na maneno, kwani lugha huhifadhi mambo ambayo daftari huyapoteza. Kandili ni neno tulilolipokea kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni Kilatini. Fanusi nalo lilipitia Kiarabu likitoka kwa Wayunani. Vyombo hivyo viwili ni vya kuchukuliwa mkononi au kutundikwa mlangoni. Ulipofika mwanga wa mtambo, watu wa pwani waliuita stimu, kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mvuke, kwa kuwa injini ya mvuke ndiyo iliyokuwa ikiuzungusha mtambo. Neno umeme, ambalo ndilo limeenea zaidi siku hizi, latokana na kile kimulikacho mawinguni na kuua. Basi stimu laeleza nguvu ilikotoka, na umeme laeleza hatari yake. Fundi apandaye nguzo hana budi kuyajua yote mawili.

Taa za gesi ndizo zilizoifanya nguzo kuwa kitu cha kawaida mjini. Mwaka 1807 Frederick Winsor aliwasha taa za gesi katika barabara ya Pall Mall, London. Mwaka 1812 kampuni ya gesi ya mji huo ikapewa hati ya kifalme, na mwisho wa mwaka 1813 daraja la Westminster likamulikwa kwa gesi. Nguzo za wakati huo zilikuwa na kipande cha chuma kilichokingama chini kidogo ya fanusi. Wengi hudhani ni pambo tu, kumbe ndipo mahali pa kuegemeza ngazi. Mwashaji taa alipita jioni kuwasha, akarudi alfajiri kuzima, na baina ya hayo alifuta vioo vilivyoingia masizi. Baadaye alipewa ufito mrefu wenye ndoana na moto nchani, akaweza kufungua bomba na kuwasha akiwa chini. Badiliko hilo dogo lapasa kuangaliwa sana: namna bora ya kumlinda mtu asianguke ni kumwondolea haja ya kupanda.

Umeme uliirudisha haja hiyo kwa ukali mpya. Mwaka 1876 Mrusi Pavel Yablochkov alibuni taa yenye fimbo mbili za kaboni zilizosimamishwa sambamba, na moto wa umeme ukaruka baina ya ncha zake. Mwaka 1878 taa hizo ziliwekwa katika barabara ya Opéra mjini Paris, na mwishoni mwa mwaka huo huo zikawekwa kando ya mto Thames. Tarehe 29 Aprili 1879 Charles Brush aliwasha taa zake 12 katika uwanja wa mji wa Cleveland, Marekani. Mwanga ulikuwa mkali kuliko gesi mara nyingi. Lakini fimbo za kaboni zilijila zenyewe: jozi moja ya Yablochkov haikudumu hata saa mbili, na zile za aina nyingine zilihitaji kubadilishwa karibu kila siku. Isitoshe, taa za Brush ziliungwa kwa mfuatano katika waya mmoja, na kwa sababu hiyo waya huo ulibeba volti elfu kadha. Mtu yule yule aliyekuwa akihofia kuanguka sasa ilimbidi ahofie na kile alichokishika.

Msiba ulioufumbua macho ulimwengu ulitokea New York tarehe 11 Oktoba 1889. Fundi John Feeks alipanda nguzo kukata nyaya zilizodhaniwa kuwa zimekufa, nyaya za simu ya maandishi zisizo na nguvu ya kuua. Asilolijua ni kwamba mbali na pale waya mmojawapo ulikuwa umegusana na waya wa taa. Alikufa mchana kweupe, mwili wake ukanasa katika nyaya kwa muda mrefu, watu wengi wakitazama. Baada ya hapo mji ulikata nguzo na nyaya nyingi, na kazi ya kuzizika ardhini ikahimizwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, mafundi wa umeme wa Marekani walianzisha chama chao mjini St. Louis. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, naye alikuwa fundi wa nyaya. Mwaka 1896 alipigwa na umeme akiwa kazini Washington, akaanguka, akafa.

Kanuni zinazofuatwa leo zaonekana kavu zikisomwa katika kitabu, lakini zina uhusiano wa wazi na misiba ya namna hiyo. Umeme ukatwe kwenye chanzo chake, na swichi ifungwe kwa kufuli, ili mwingine asiiwashe kwa kutojua. Waya upimwe kwanza kwa chombo, usiaminiwe kwa kusikia tu. Maana Feeks aliuawa na waya ulioaminiwa. Nguzo ya chuma iungwe na ardhi, ili waya ukivuja ndani yake fyuzi iungue badala ya mpita njia kudhurika. Fundi avae mkanda na glavu za mpira, wala asifanye kazi peke yake.

Nguzo nayo ina udhaifu wake, na udhaifu huo uko miguuni. Mti huoza zaidi pale usawa wa ardhi, unyevu na hewa vikutanapo. Ndiyo sababu hati aliyoipata John Bethell mwaka 1838 ya kushindilia mafuta ya makaa ndani ya mbao ilikuwa na faida kubwa. Chuma nacho hupenda kuliwa na kutu mahali pale pale, hasa penye upepo wa chumvi kama pwani. Kabla ya kupanda, fundi mzoefu huigonga nguzo ya mti kwa nyundo na kusikiliza: mti mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza huitika kama ngoma.

Sasa na turudi kwetu. Historia za umeme za Kenya zasimulia kwamba mwaka 1875 Seyyid Barghash wa Unguja alipata mtambo wa kumulika jumba lake na njia za jirani, na kwamba mwaka 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ikaanzishwa kampuni ya umeme ya kisiwa hicho. Habari za mwaka 1908 zakubalika bila shida. Mwaka 1875 wapasa kupokewa kwa tahadhari. Wakati huo taa za umeme ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia katika viwanda vichache vya Ulaya, kama kile cha Mulhouse. Taa ya Yablochkov ilikuwa haijabuniwa. Tena Beit al-Ajaib, jumba ambalo watu hulitaja sana katika habari hizi, lilijengwa mwaka 1883, miaka minane baadaye. Barghash alitawala tangu 1870 hata 1888. Ni salama zaidi kuuhusisha mtambo huo na utawala wake kuliko kuufunga na mwaka mmoja.

Hata hivyo swali lenye faida zaidi si mwaka gani, bali ni nani. Kama palikuwa na taa njiani Unguja, palikuwa na mtu wa kuchochea moto wa injini, na mwingine wa kupanda kila siku kubadilisha kaboni zilizoletwa kwa meli. Watu hao walilipwa mshahara, na mshahara huandikwa. Hesabu za mishahara zaweza kutuambia taa ziliwaka kwa muda gani hasa, jambo ambalo sifa za wageni waliopita haziwezi kulithibitisha. Mtafiti atakayezichunguza atakuwa amewarudishia mahali pao watu walioshikilia mwanga wa mji huku wao wenyewe wamesimama juu ya ngazi gizani.