Kabla ya mamilioni ya EPL kulikuwa na pauni 20

Kila wikendi tunabishana ati wachezaji wa EPL wanalipwa pesa nyingi kupita kiasi. Sawa, lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1901 wakuu wa soka Uingereza waliweka sheria: hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Walisema ni kulinda klabu ndogo zisinyang'anywe wachezaji na matajiri. Inasikika poa, sivyo? Lakini miaka karibu 60 baadaye, mashabiki wanajaa viwanjani kwa maelfu, na staa wa timu ya taifa bado hawezi kupita pauni 20. Na mkataba wake ukiisha, klabu inaweza kumzuia asihame.

Huruma haikuondoa hiyo sheria. Jimmy Hill, mwenyekiti wa chama cha wachezaji, aliwaunganisha wenzake wakatishia kugoma. Januari 1961 ikafutwa. Sasa mwenyekiti wa Fulham, Tommy Trinder, alikuwa ameshajigamba kwamba angempa Johnny Haynes pauni 100 kama angeruhusiwa. Ikabidi alipe.

Kutoka 20 hadi 100, mchezaji ni yule yule! Kumbe pesa ilikuwepo kitambo. Wewe unaonaje?