Aspirini, damu na homa ya dengi: ujumbe wa mafuta ndani ya mishipa

Hapa Pwani aspirini imezoeleka. Wazee wetu huimeza kwa ajili ya moyo, na wengi huiita dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Jina hilo naona linapoteza. Aspirini haipunguzi uzito wa damu. Inakata ujumbe, na ujumbe wenyewe umetengenezwa kwa mafuta.

Vigandisha damu ni vijipande vya seli visivyo na kiini. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Mshipa ukiwa mzima, vinapita kimya, kwa kuwa ukuta wake hutoa prostasaiklini, aina ya mafuta inayovituliza.

Kisu kikikukata ukitengeneza samaki, nyuzi za kolajeni zilizo chini ya ukuta huo hubaki wazi na vigandisha hunata hapo. Ndani yake, kimeng'enya hukata mafuta fulani ya utando vipande viwili. Kimoja hufungua akiba ya kalsiamu, cha pili huamsha vimeng'enya vingine. Hapo kigandisha hubadili umbo na kushikana na wenziwe.

Wakati huohuo asidi ya arakidoni hung'olewa kutoka utando. Kimeng'enya COX-1 huanza kuigeuza, na mwisho wake hupatikana thromboksani A2, inayotoka nje kuita vigandisha jirani na kubana mshipa. Uhai wake ni kama nusu dakika tu, hivyo wito hauendi mbali na jeraha.

John Vane wa Uingereza alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, jamaa za thromboksani. Bengt Samuelsson na wenzake nchini Sweden wakaieleza thromboksani yenyewe mwaka 1975. Wawili hao, pamoja na Sune Bergström, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Aspirini huiharibu COX-1 moja kwa moja. Kigandisha hakina kiini, hakiwezi kutengeneza nyingine, basi hubaki bila wito huo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kidonge kidogo cha kila siku humtosha mgonjwa wa moyo, na ndiyo maana athari haiishi siku unayoacha.

Hapa ndipo penye hatari kwetu. Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa mwaka 2013. Dengi hupunguza idadi ya vigandisha. Ukiongeza aspirini, hata vilivyobaki unavinyamazisha, na damu inaweza kuvuja ndani ya mwili. Ibuprofeni nayo ni vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri parasetamoli kwa kipimo sahihi.

Kwa hivyo, ndugu zangu, homa ikiingia na viungo vikauma, msikimbilie aspirini dukani kabla ya kupimwa. Fizi zikitoa damu, tumbo likiuma sana au mtu akitapika mfululizo, apelekwe hospitali mara moja. Na mzee anayetumia aspirini ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwambie daktari siku ileile homa inapoanza, daktari ndiye apime lipi zito.