Triga ya bastola ya kauboi

Wadau, ile bastola ya kwenye sinema za kauboi, Colt ya 1873, triga yake ina kazi moja tu: kuachia nyundo. Nyundo unaivuta mwenyewe kwa dole gumba kila risasi, ndio maana triga huwa nyepesi. Ikikwaruza, wenye nazo kule Marekani huweka springi laini au huisugua.

Mimi kinachonitisha ni huko kusugua. Ncha ya triga hukaa kwenye kijino kidogo cha nyundo. Ukila chuma kupita kiasi, au pembe ikipinda, nyundo inaweza kuchomoka hata hujagusa kitu. Springi sawa, tupa hapana, hiyo waachie mafundi.

Halafu hiyo Colt kijino chake cha usalama ni chembamba. Ikianguka kikavunjika, risasi inatoka! Ndio maana watu walijaza risasi tano kwenye matundu sita, nyundo ikalalia tundu tupu. Mwaka 1973 Ruger wakaleta kipande cha chuma kinachopanda pale tu triga inapovutwa, bila hicho nyundo haifikii pini. Rivolva zao za kabla ya hapo wanazifungia kipande hicho bure.